Chokoleti 'isiyo na sukari' yamficha mengi mgonjwa wa kisukari

WAHENGA walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Mgonjwa wa kisukari wa zama hizi, hata hivyo, ndiye anayelazimika kuuliza: uji huu umetiwa nini, ni kiasi gani, na utafanya nini mwilini baada ya saa mbili?

Swali hilo huwa gumu zaidi anapozifikia rafu za chokoleti. Katika supamaketi kubwa za Nairobi na Mombasa, na hata katika baadhi ya maduka ya dawa, huuzwa chokoleti zilizoandikwa kwa herufi kubwa kuwa hazina sukari. Nyingi zimetoka ng'ambo na bei yake hupita ile ya chokoleti ya kawaida, wakati mwingine kwa mbali.

Anayezinunua aghalabu si mlafi. Ni mtu aliyeagizwa na daktari kuacha chai ya sukari, kupunguza chapati na wali na kuisahau soda, na ambaye miaka kadhaa baadaye bado anatamani kitu kitamu siku ya Idd au Krismasi. Pengine amenunuliwa na mwanawe anayetaka kumliwaza mzazi. Zawadi hiyo hutolewa kwa nia njema, na huliwa kwa imani kwamba haidhuru hata ikimalizwa yote kwa kikao kimoja.

Imani hiyo ndiyo yenye hatari. Maneno "haina sukari" yanaweza kuwa ya kweli kabisa mbele ya sheria, lakini yanajibu swali ambalo mgonjwa hakuuliza. Yeye anataka kujua iwapo sukari itapanda katika damu yake. Pakiti inamwambia tu kwamba kuna kitu kilichoondolewa, na kilichotiwa mahali pake kimeandikwa upande wa nyuma, kwa herufi ndogo mno ambazo mtu ambaye macho yake yameathiriwa na maradhi hayo hayo hawezi kuzisoma.

Na ni lazima kitiwe kitu. Chokoleti ya maziwa ya kawaida huwa na sukari inayokaribia nusu ya uzani wake. Ukiiondoa sukari hiyo, hukupunguza utamu pekee, bali umeondoa karibu nusu ya chokoleti yenyewe.

Stivia, mmea ambao wakulima wa eneo la Kericho wamewahi kuukuza kwa ajili ya soko la nje, inaweza kurejesha utamu, kwani dondoo yake ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kinachohitajika ni chembe tu, na chembe haiwezi kuliziba pengo la gramu 50. Mtengenezaji hana budi kutafuta unga mwingine wa kujazia.

Unga huo mara nyingi huwa ni maltitoli. Hutengenezwa kutokana na wanga wa nafaka kama mahindi au ngano, nao uko katika jamii ya viungo vinavyoitwa polioli. Utamu wake unafikia takriban asilimia 90 ya ule wa sukari, na katika chokoleti hukaa kinywani karibu sawa na sukari yenyewe. Ndiyo maana wenye viwanda wanaupenda.

Mwili, hata hivyo, haudanganyiki kwa urahisi hivyo. Katika kipimo cha kasi ya vyakula kupandisha sukari ya damu, ambapo glukosi hupewa alama 100, sukari ya mezani hupata takriban 65 na maltitoli takriban 35. Hiyo ni nafuu, wala haifai kubezwa. Lakini 35 si sifuri, na mgonjwa anayekula mara mbili ya kipimo chake kwa kuwa "haina sukari" huipoteza nafuu hiyo yote.

Kuna polioli nyingine zenye athari ndogo zaidi. Erithritoli, kwa mfano, haipandishi sukari ya damu kwa kiasi cha kutajika. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 ulihusisha wingi wake katika damu na maradhi ya moyo na kiharusi, ingawa haukuthibitisha kwamba ndiyo iliyosababisha. Kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye moyo wake tayari uko katika hatari kuliko wa wengine, hiyo ni sababu tosha ya kutoila kwa pupa.

Hesabu ndiyo hufichua mambo. Chukua mfano wa chokoleti ya maziwa ya gramu 100 ambayo pakiti yake inaonyesha gramu 52 za wanga, kati ya hizo gramu 40 zikiwa polioli na gramu 10 zikiwa sukari ya asili ya maziwa. Wataalamu wa lishe nchini Marekani huwafunza wagonjwa kuhesabu nusu ya polioli kama wanga. Kwa kanuni hiyo, mgonjwa amekula gramu 32, wanga unaotoshana na ule wa vipande viwili vya mkate. Na bado hajanywa chai.

Mfano huo unaonyesha jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Chokoleti ya maziwa haiwezi kuitwa "isiyo na sukari" kwa maana kamili, kwa vile maziwa yana sukari yake. Vigezo vya kimataifa vya Codex huruhusu maneno hayo pale tu ambapo sukari haizidi nusu gramu katika gramu 100. Kwa hivyo wenye viwanda huandika kwamba sukari "haikuongezwa". Msomaji mwenye haraka huona neno "sukari" na ukanusho wake, akatia bidhaa kikapuni.

Linganisha sasa na chokoleti nyeusi ya kawaida, ile chungu yenye asilimia 85 ya kakao. Hiyo ina sukari halisi na haijifichi, takriban gramu 15 katika kila gramu 100. Kipande cha gramu 20 kinampa mlaji gramu tatu hivi, chini ya kijiko cha chai. Aidha, uchungu wake humzuia mtu kula kipande cha pili na cha tatu, jambo ambalo maltitoli haliwezi.

Hiyo ndiyo sababu shirika la Diabetes UK nchini Uingereza limekuwa likiwashauri wagonjwa wasinunue vyakula vilivyotengwa kwa jina la kisukari, na badala yake wale kidogo cha kile wanachokula wengine. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya mwaka wa 2008 haikuona msingi wa kisayansi wa kuviwekea vyakula hivyo kanuni maalumu. Ujerumani, ambako maduka yalikuwa na rafu nzima za bidhaa hizo, ilibadilisha kanuni zake mwaka wa 2010, na kufikia Oktoba 2012 muda wa kuziuza kwa jina hilo ulikuwa umekwisha.

Hoja ya Wajerumani ilikuwa nyepesi: bidhaa hizo ziliwatoza wagonjwa pesa nyingi, na nyingi zilikuwa zimesheheni mafuta. Kwa chokoleti hili ni dhahiri. Takriban thuluthi moja ya uzani wake ni mafuta, na kuondoa sukari hakuyapunguzi. Chokoleti ya maltitoli bado inaweza kuwa na kalori zinazokaribia 500 katika gramu 100. Mgonjwa aliyeambiwa apunguze uzani hafai kuitazama kama mboga.

Kuna pia suala la tumbo, ambalo huzungumzwa kwa aibu. Polioli hazimezwi zote na utumbo mwembamba. Zinazosalia huvuta maji na kuchachushwa na bakteria. Matokeo yake ni gesi, msokoto na kuhara, hasa mtu anapokula gramu 30 au 40 kwa siku, kiasi kinachoweza kupatikana katika pakiti moja. Umoja wa Ulaya hulazimisha onyo hilo liandikwe pale polioli zilizoongezwa zinapozidi asilimia 10 ya chakula.

Kwa mgonjwa wa kisukari, kuhara huko kunaweza kuwa zaidi ya usumbufu. Wengi wao humeza metformini, dawa ambayo nayo hujulikana kwa kusumbua tumbo. Asiyeshuku chokoleti ataishuku dawa, na huenda akaiacha bila kumwambia daktari.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, huja sukari inaposhuka badala ya kupanda. Anayetumia insulini anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho na kuchanganyikiwa ghafla. Wakati huo anahitaji takriban gramu 15 za sukari inayoingia katika damu upesi: vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Chokoleti ya kawaida haifai hapo, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari. Chokoleti isiyo na sukari ndiyo isiyofaa kabisa, na jamaa anayempa mgonjwa kipande chake akidhani anamwokoa anapoteza dakika zenye thamani.

Wagonjwa wa figo nao wana hesabu yao. Kisukari ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kufeli, na wengi wanaosafishwa damu kwa mashine huambiwa wapunguze madini ya potasiamu na fosforasi. Kakao ina yote mawili kwa wingi. Chokoleti nyeusi huwa na takriban miligramu 700 za potasiamu katika gramu 100. Hivyo basi, ile chokoleti chungu inayomfaa mgonjwa mmoja wa kisukari inaweza kumletea mwenzake matatizo, wala hakuna neno lolote upande wa mbele wa pakiti linalowatofautisha wawili hao.

Ni nani basi anayepaswa kumweleza? Stika ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) humhakikishia mnunuzi kwamba bidhaa imekidhi viwango. Haikuwekwa pale kumshauri mgonjwa. Mtaalamu wa lishe angefanya hivyo, lakini katika zahanati nyingi za mashinani kumpata ni bahati. Mwenye duka anachojua ni bei. Pengo hilo hujazwa na majirani, na ushauri wa majirani ndio uliowafanya wengi waamini kwamba asali na sukari nguru hazina madhara kwa kuwa ni vitu vya asili, ilhali zote mbili hupandisha sukari ya damu.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) lilikadiria mwaka wa 2021 kwamba watu wazima milioni 24 barani Afrika walikuwa wakiishi na maradhi haya, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakujua. Kwa wanaojua, matumizi hayaishi: dawa, nauli ya kliniki, na karatasi za kupimia sukari ambazo wengi huzitumia kwa kubania. Shilingi zinazotumika kununua chokoleti ya bei ghali zingenunua baadhi ya karatasi hizo, ambazo ndizo pekee zinazoweza kumwonyesha mgonjwa jinsi mwili wake unavyokipokea chakula fulani saa mbili baada ya kukila.

Mataifa mengine yameanza kuondoa fumbo hili kwa sheria. Chile ilianza mwaka wa 2016 kuweka alama nyeusi mbele ya pakiti za vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta au kalori kupita kiasi. Mexico ilifuata mwaka wa 2020 na kwenda hatua moja mbele: chakula kilichotiwa vikoleza utamu visivyo sukari sharti kiseme hivyo waziwazi, na kwamba hakipendekezwi kwa watoto. Kwa utaratibu kama huo, chokoleti isiyo na sukari haiwezi kujivunia kilichoondolewa bila kutaja mafuta yaliyobaki na utamu ulioletwa.

Nchini Kenya, serikali imeigusa chokoleti zaidi kwa njia ya ushuru. Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2022 ilipandisha ushuru wa chokoleti hadi Sh242.29 kwa kila kilo. Mizani ya mtoza ushuru haiulizi sukari ni kiasi gani. Kilo ya chokoleti ambayo nusu yake ni sukari na kilo ya ile chungu yenye kakao asilimia 85 hutozwa sawa, na mgonjwa aliyechagua kwa makini hulipa kama yule ambaye hakuchagua.