TUNZA VITU VYA KALE: Usiifute Alama ya Bunduki ya Kijapani

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha mwaka 1945, askari wengi wa Marekani na wa Australia waliopigana na Japani walirejea makwao na bunduki na singe za adui. Nyingine waliziteka vitani, nyingine waligawiwa baada ya Japani kusalimu amri. Silaha hizo zikatundikwa ukutani au zikatiwa darini, zikasahauliwa. Leo wenyewe wamekwisha kufariki, isipokuwa wachache mno, na mali hiyo imewaangukia watoto na wajukuu wasioijua. Aghalabu mrithi huchukua msasa na mafuta akaing'arisha bunduki ya babu yake. Kwa kazi ya saa moja huwa ameangamiza habari ambazo hakuna mtu awezaye kuziandika tena.

Silaha hizo si ngeni kabisa kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Wazee wa Keya waliokwenda Burma walizijua kwa mlio wake. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa na askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka 1944, na mwezi wa Desemba ikaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Bunduki zielezwazo hapa ndizo zilizokuwa mikononi mwa adui waliyepambana naye huko.

Kusoma jina lake

Bunduki hizo huitwa Arisaka, kwa jina la Kanali Arisaka Nariakira, aliyesimamia utengenezaji wa ile ya mwaka 1897, iitwayo mtindo wa 30. Zilizoenea zaidi ni mbili zilizofuata: mtindo wa 38 na mtindo wa 99.

Asiyejua Kijapani aweza kuzitambua kwa macho tu. Juu ya chuma kilicho nyuma ya mtutu, mahali risasi inapoingilia, zimechongwa herufi tatu, moja chini ya nyingine. Mistari mitatu ya kulala ni tatu. Mikwaju miwili iliyoachana kama miguu ya mtu aliyesimama ni nane. Hiyo ni 38. Herufi mbili za kwanza zikiwa pacha, hizo ni tisa na tisa. Herufi ya chini kabisa maana yake ni "mtindo".

Nambari hizo ni miaka, lakini hazihesabiwi kwa njia moja. Ile 38 ni mwaka wa 38 wa enzi ya Mfalme Meiji. Na kwa kuwa mwaka wa kwanza wa enzi hiyo ulikuwa 1868, jibu ni 1905. Ile 99 imetokana na hesabu nyingine, inayoanza mwaka 660 kabla ya Kristo, ambao kwa mapokeo ya Kijapani ndio ulioanzishwa ufalme. Mwaka wao wa 2599 ni 1939, nao wakachukua tarakimu mbili za mwisho.

Ikiwa herufi zimechakaa, kipimo kitasaidia. Bunduki ndefu ya mtindo wa 38 ina urefu wa karibu sentimita 128, na tundu la mtutu wake ni milimita 6.5. Ile fupi ya mtindo wa 99, ambayo ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi, ina karibu sentimita 112, na tundu lake ni milimita 7.7.

Kiwanda na bahati yake

Ubavuni, kando ya nambari ya bunduki, iko alama ya kiwanda. Duara nne zilizoshikana, mfano wa mizinga ya kale ilivyopangiwa marisau yake, ni alama ya kiwanda cha silaha cha Tokyo. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 kazi yake ilihamishiwa mji wa Kokura, na alama ikahama pamoja nayo. Kiwanda hicho cha Kokura ndicho kilichokusudiwa kupigwa bomu la pili la atomiki tarehe 9 Agosti 1945. Siku hiyo rubani hakuweza kukiona kwa sababu ya moshi na mawingu, akageuza ndege kwenda Nagasaki. Basi duara nne ndogo zisizozidi ukubwa wa punje ya mtama zinabeba habari ya miji mitatu.

Baadhi ya watengenezaji wengine wanajulikana hata leo kwa kazi za amani. Toyo Kogyo, kampuni iliyo karibu na Hiroshima, ilitengeneza bunduki za mtindo wa 99. Nayo ndiyo iitwayo sasa Mazda, yenye magari. Tokyo Juki nayo ilitengeneza bunduki hizo, na baada ya vita ikageukia cherehani. Fundi anayeshona kwa Juki leo hukanyaga mashine ya watu waliopata ujuzi wao katika chuma cha vita.

Umbo la bunduki nalo linaeleza jinsi vita ilivyokwenda. Zile za mwanzo za mtindo wa 99 zina mguu wa waya wa kuegemea chini, zina mikono ya kulengea ndege, na ndani ya mtutu zimepakwa kromu kuzuia kutu. Kadiri Japani ilivyopungukiwa na chuma na mafundi, vitu hivyo viliondolewa kimoja kimoja. Za mwisho hazina kromu, tundu la kulengea halisogei, kitako kimefunikwa kwa ubao badala ya chuma, na alama za tupa zimeachwa wazi. Mrithi akiulainisha ukwaruzo huo kwa kudhani ni uchafu, huwa amefuta ushahidi wa nchi iliyokuwa ikishindwa. Kadhalika mstari unaoonekana kwenye kitako si ufa: vitako vya Arisaka viliundwa makusudi kwa vipande viwili vya mti.

Ua lililosagwa

Juu ya herufi za jina palichongwa ua la krisantemu lenye petali 16, nembo ya Mfalme wa Japani. Katika bunduki nyingi ua hilo limesagwa au limekatwa kwa patasi. Huelezwa kuwa lilifutwa kabla ya silaha kukabidhiwa kwa washindi, ili nembo ya mfalme isidhalilishwe. Kwa sababu hiyo bunduki yenye ua kamili aghalabu ni ile iliyotekwa vitani, na iliyosagwa ni ile iliyokabidhiwa baada ya kushindwa. Wako wafanya biashara wanaochonga ua jipya ili wapandishe bei. Hao huharibu habari mbili kwa mara moja: ya ua na ya kufutwa kwake.

Singe

Singe ya kawaida ni ya mtindo wa 30, yenye urefu wa karibu sentimita 51, ambazo 40 kati yake ni ubapa. Zile za awali zina kulabu kwenye chuma cha kukinga mkono. Za baadaye zimenyooka, na za mwisho zina ala za mti au za mwanzi. Singe zilikuwa na nambari zake mbali na za bunduki. Muuzaji anayedai kuwa na jozi ya nambari moja yafaa asikilizwe kwa hadhari.

Hatari na utunzaji

Jambo lipitalo yote ni uhai. Japani ilitengeneza pia bunduki za kufundishia wanafunzi, zinazofanana sana na za vita, lakini chuma chake ni dhaifu na mtutu hauna mikato ndani. Hizo zilikusudiwa risasi za bandia tu. Zikitiwa risasi ya kweli huweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Kwa hiyo asiyekuwa fundi asijaribu kuipiga bunduki yoyote ya kurithi. Kwanza ihakikishwe na ajuaye kuwa haina risasi ndani. Tena bunduki si pambo la sebule. Katika nchi za Afrika ya Mashariki mtu haruhusiwi kuwa nayo bila kibali, na aionaye hana budi kuwaarifu polisi.

Utunzaji wenyewe ni rahisi: kitambaa kikavu, mafuta mepesi ya mashine kwenye chuma, wala msasa usiguse. Karatasi yoyote iliyo pamoja na silaha, kama kile kibali alichopewa askari wa Marekani cha kuchukua nyara nyumbani, ihifadhiwe kama hati ya shamba. Na mzee aliyepigana akiwa bado hai, aulizwe leo, na jibu lake liandikwe. Chuma kitaeleza mahali kilipofuliwa na mwaka wake, lakini hakitamtaja aliyekibeba. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.