Mambo ya Nyumbani Yanapotolewa Kwenye Filamu

Kijana wa Birongo, katika Nyaribari Chache huko Kisii, akitaka leo kuandika mchezo wa filamu hana haja ya kwenda mbali kutafuta kisa. Katika hesabu ya mwaka 2019 kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya 950 kwa kila kilomita moja ya mraba, na mahali watu walipobanana namna hiyo visa havikosi. Kuna ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba lisilomtosha hata mmoja wao. Kuna mjane aliyeambiwa na shemeji zake arudi kwao. Kuna msichana aliyeamshwa usiku wakati wa likizo na kupelekwa kwa mwuguzi akeketwe, huku wazazi wakiitangaza siku hiyo kuwa ni ya maombi. Visa viko tele. Linalomsumbua mwandishi chipukizi ni kama anayo haki ya kuchukua mambo ya nyumbani kwao na kuyaanika mbele ya macho ya watu.

Mfano ulio karibu nasi haukutoka Kisii bali Turkana. Filamu iitwayo Nawi, iliyotolewa mwaka 2024, ilianza na hadithi ya mwandishi mpya, Milcah Cherotich, aliyeshinda shindano la utungaji. Kiini cha hadithi hiyo kilikuwa cha nyumbani kabisa: nduguye wa kike aliozwa akiwa na umri wa miaka 14. Katika filamu tunamwona msichana wa miaka 13, hodari wa masomo, ambaye babake anamtoa kwa tajiri mmoja kwa kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100. Msichana anatoroka. Michelle Lemuya Ikeny, aliyemwiga msichana huyo, alisifiwa sana, na Kenya iliichagua filamu hiyo iiwakilishe katika mashindano ya Oscar.

Hebu msomaji tuitazame kazi hiyo kwa makini, maana wengi huisifu kwa machozi tu. Cherotich hakunakili mambo ya nyumbani kwao karatasini. Msichana wa filamuni ana jina lake, umri wake na ujeuri wake mwenyewe. Kilichobaki cha nduguye ni kidonda. Na ile hesabu ya mifugo, je? Mtu wa mbali angeandika tu kwamba msichana aliozwa kwa mahari kubwa. Aliyekulia karibu na jambo lenyewe anajua kwamba mtoto husikia akihesabiwa, mnyama kwa mnyama, na kwamba huenda akaikumbuka hesabu hiyo maisha yake yote. Hiyo ndiyo faida ya kuandika ulichokiona.

Jambo lenyewe si jipya katika filamu zetu. Mwaka 1992 Anne Mungai alituonyesha Saikati, msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa asiyoitaka na kufuatana na binamu yake hadi Nairobi, ambako mji nao una mitego yake. Kati ya filamu hizo mbili imepita miaka 32. Katikati yake ilipitishwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inayokataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Msichana bado anakimbia.

Turudi Kisii, maana huku mwandishi anakabiliwa na jambo ambalo mafunzo ya filamu hayalitaji. Abagusii wana kitu kinachoitwa chinsoni, yaani zile taratibu za heshima na haya baina ya wazazi na watoto wao. Baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mambo ya mwili hayatajwi mbele ya mzazi, wala mzazi hayataji mbele ya mtoto. Sasa mwandishi wa Birongo aandike mchezo juu ya ukeketaji, nao uonyeshwe sebuleni, baba amekaa kiti hiki na binti yake kile. Baba huyo atainuka atoke nje, hata kama anakubaliana na kila neno. Tusimcheke. Na tusidhani kwamba aliyetoka nje hakuguswa.

Lakini haya hiyo hiyo ndiyo iliyolifunika jambo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 84 katika kila 100 wa Abagusii walikuwa wamekeketwa, miaka mitatu baada ya sheria ya mwaka 2011 kuupiga marufuku ukeketaji. Nyumba nyingi zinajua, na hakuna anayesema. Kwa maoni yangu mwandishi hana sababu ya kuivunja chinsoni kwa nyundo. Kamera si lazima iingie chumbani. Mlango na ufungwe, nasi tubaki nje pamoja na shangazi anayeosha sufuria ambayo tayari ni safi. Tena chinsoni yenyewe imeacha dirisha wazi: babu na nyanya wanaruhusiwa kutaniana na wajukuu na kuzungumza nao yale ambayo baba na mama hawawezi. Mchezo ambao nyanya na mjukuu wake wanaketi jikoni wakichambua chinsaga unaweza kusema mambo ambayo katika kinywa cha baba yangekuwa matusi.

Wanaoanza kuandika husahau pia kwamba filamu ni kazi ya macho. Ukurasa mmoja wa mswada huchukua kama dakika moja kwenye kioo, na katika dakika hiyo huwezi kuonyesha neno “alihuzunika”. Unaweza kuonyesha obokima ukipoa kwenye sahani. Aliyeyapitia mambo anazo picha za namna hiyo nyingi, ila mara nyingi huzidharau kwa kuwa ni za kila siku, akakimbilia bunduki na magari ya Nairobi.

Yapo hata hivyo mambo mazito kuliko aibu. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Mwaka 2008 waliuawa 11 katika eneo hilo la Kisii. Mwandishi wa kutoka vijiji kama hivyo huenda ni jirani wa marehemu, na pia jirani wa waliokuwa katika umati. Huyo akiandika kama mgeni atatupa wabaya na wema, kisha basi. Akiandika kama jirani itambidi aonyeshe jinsi mtu aliyeazima chumvi jana anavyookota jiwe leo. Ni kazi ya hatari, na sijui kama ningemshauri aifanye akiwa bado anaishi kijijini humo.

Wenye mamlaka nao wana mkono wao. Mwaka 2025 ilikuwa Mahakama Kuu ya Kisii iliyoamuru wasichana wa Butere waruhusiwe kucheza Echoes of War katika tamasha la kitaifa la maigizo, mchezo ulioandikwa na aliyekuwa seneta, Cleophas Malala. Aprili 10 huko Nakuru polisi walifyatua vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Tamasha hizo za shule ndizo kitalu cha waandishi wetu wa filamu, hata watoto wa Kisii wanaanzia huko. Mtoto aliyeona hayo atajifunza mapema ni visa gani avifiche.

Kisha kuna fedha. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, Supa Modo ya 2018 na hiyo Nawi zote zilitengenezwa kwa kushirikiana na Wajerumani. Sioni dhambi katika hilo, maana bila wao huenda tusingekuwa nazo. Ila mnunuzi wa mbali ana kawaida ya kupenda huzuni zetu kuliko vicheko vyetu, na Birongo watu hucheka sana, hata matangani. Kijana na asajili mswada wake kwa Bodi ya Hakimiliki kabla hajausimulia hotelini.

Linalobaki ni mwenye kisa mwenyewe: yule dada aliyeozwa, yule mjane. Wengine watataka majina yao yaandikwe mwishoni mwa filamu, wapate na sehemu ya malipo. Wengine watataka hata rangi ya nyumba ibadilishwe wasijulikane. Hayo huulizwa kwao nyumbani, kwa Ekegusii, mswada ukiwa bado ni karatasi, maana filamu ikishaingia kwenye simu za watu wa Keroka na Keumbu hakuna wa kuirudisha.