Suruali ya marinda si ya kizee!

Leo siasa naiweka pembeni, naingia kwenye suruali. Na wale ndugu zangu wanaocheka kila likitajwa neno marinda, chekeni mmalize kabisa kisha tuendelee. Nazungumzia ile mikunjo ya mbele, chini ya mkanda, na wala sina utani.

Hoja yangu naitoa mapema asije mtu akasema nimezunguka. Kwa mwanamme wa Unguja ambaye siku yake ni kukaa, kuinama na kusali, suruali ya marinda iliyoshonwa na fundi ni bora kuliko hii isiyo na marinda inayojaa madukani. Na bosi anayemkataza kijana kuivaa kazini, eti ni ya kizee, anamwonea.

Kwa nini nimeamua kuliandika hili? Huku kwetu Fumba mambo yamekwenda mbio. Kijiji cha wavuvi, ncha ya kusini magharibi ya kisiwa, ambako wageni hupanda boti kwenda kutembea Ghuba ya Menai, sasa kina eneo huru la uchumi, na tangu katikati ya miaka ya 2010 unajengwa mji mpya wa Fumba Town. Ajira za ofisini zimekuja: mapokezi, uhasibu, mauzo ya nyumba. Alhamdulillahi. Lakini pamoja na ajira imekuja na karatasi ya masharti ya mavazi.

Kijana mmoja jirani yangu alipata kazi mahali fulani, sipataji. Siku ya kwanza akaenda na suruali nyeusi ya kushonewa, marinda mawili kila upande, imepigwa pasi mstari umesimama. Akaambiwa kesho aje na suruali "ya kisasa", isiyo na marinda, maana hiyo inamfanya aonekane kama sheha. Jamani, masheha wetu wamekosa nini?? Kijana akakopa, akanunua mbili za dukani. Mshahara wa kwanza hajauona, deni tayari analo. Suruali aliyoshonewa imetundikwa ukutani, nzima, haina hata uzi uliotoka.

Sasa tuulizane, hilo rinda kazi yake nini? Wengi wanadhani ni pambo. SI PAMBO. Ni hesabu ya fundi. Ukikaa, nyonga na mapaja hutanuka, na kitambaa cha kufunika hapo lazima kipatikane kutoka pahala. Fundi akikunja sentimita mbili au tatu chini ya mkanda, amekuwekea akiba. Ukisimama rinda linalala, ukikaa linafunguka, ukiinuka linarudi pahala pake. Suruali isiyo na marinda haina akiba hiyo, kwa hivyo nafasi yote inatakiwa itoke kwenye mkato wenyewe. Na zinazouzwa leo mkato wake ni wa kubana, zile vijana wanaita modo. Matokeo tunayaona kila siku: mifuko imeachama, kitambaa kimevutika pajani, na mshono wa msamba unabeba mzigo wote peke yake. Unashangaa kwa nini zinachanika palepale kila siku?

Twende kwenye ibada, maana hapa ndipo panaponiuma. Sala za faradhi kwa siku ni rakaa 17. Kila rakaa ina rukuu moja na sijida mbili. Piga hesabu: rukuu 17, sijida 34. Mfanyakazi anayesali adhuhuri na alasiri kazini ana rakaa 8, yaani sijida 16 ndani ya suruali ya ofisi. Nenda msikiti wowote wakati wa adhuhuri, simama safu ya nyuma, utaona mwenyewe. Vijana wanashika shati kwa nyuma kila wakienda rukuu, wanavuta suruali kila wakiinuka. Mwanamme sitara yake ni baina ya kitovu na magoti, na masheikh wetu kila siku wanatukumbusha kuwa nguo inayochora umbo haipendezi kusimama nayo mbele ya Mola. Sasa bosi anayeamuru suruali ya kubana anajua anaamuru nini? Yeye anadhani anazungumzia fesheni. Kijana anahangaika na sala yake.

Na joto je? Kipindi cha kaskazi, kuanzia Disemba, joto hapa linapita nyuzi 30 na hewa nzito ya bahari juu yake. Wazee wa pwani hii walilijua hilo zamani. Kanzu haikubani popote. Shuka na kikoi hewa inapita. Hata neno lenyewe suruali tumelipata kwa Waarabu, sirwal, na sirwal ya asili ni nguo pana ya kufunga kwa kamba kiunoni. Yaani tumechukua jina la nguo pana, tukalibandika kwenye nguo inayomzuia mtu kuchutama, kisha tunaambiwa huo ndio ustaarabu!

"Lakini dunia imeshatoka huko," utaniambia. Dunia ipi? Marekani mwaka 1942, wakati wa vita, Bodi ya Uzalishaji wa Vita iliwabana washonaji wasiweke marinda wala mikunjo ya chini ya mguu, ili kuokoa kitambaa. Basi kukosa rinda wakati ule ilikuwa dalili ya shida. Miaka ya 1980 Giorgio Armani akalegeza suti, na suruali pana za marinda zikawa ndio ujanja wenyewe. Kuanzia 2000 hadi 2007 Hedi Slimane akiwa Dior Homme akazifanya nyembamba kama penseli, dunia ikamfuata. Miaka ya karibuni wabunifu hao hao wa Ulaya wamerudi kwenye suruali pana, marinda mbele! Sasa kisasa ni kipi hapo? Hili ni gurudumu linazunguka, na sisi tumekaa chini tunasubiri litakachotuangushia.

Na kinatuangukia kwa njia mbili. Ya kwanza ni maduka. Ya pili ni mitumba. Mzungu akichoka na mkato fulani anautoa, unafungwa robota, unapanda meli, unashuka kwetu. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikaja juu, mwaka 2018 ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuingiza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA, na wengine tukarudi nyuma kimya kimya. Simlaumu anayevaa mitumba, maisha ni magumu. Ninachosema ni kwamba mkato unaoitwa wa kisasa mara nyingi ni ule tu uliokuwemo kwenye robota.

Tena suruali kuingiliwa na wakubwa hakukuanza leo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana kule Dar es Salaam, kwamba kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za KUBANA marufuku. Hapa Unguja, miaka ya baada ya Mapinduzi, vijana wa Afro-Shirazi waliwaandama wenzao waliovaa bugaluu, suruali PANA chini. Leo bosi wa ofisi ya kioo anamwambia kijana yako imelegea mno. Mnaona mchezo? Mara inabana, mara pana, mara imelegea. Suruali ya mnyonge siku zote haina kipimo sahihi, kwa sababu anayeshika futi si yeye.

Ndiyo maana nami sitaki sheria ya kulazimisha marinda. Kuna wembamba ambao suruali isiyo na marinda inawakaa vizuri, ikiwa fundi ameacha nafasi ya kutosha nyongani na pajani. Wavae, kwa raha zao. Na kuna suruali za marinda zilizoshonwa vibaya zinazovimba mbele kama tanga limepata upepo. Hizo sizitetei, na fundi wake aambiwe ukweli. Ninachotetea ni haki ya mtu kuvaa nguo safi, ya heshima, inayomtosha, bila kuambiwa anafanana na sheha.

Na ninamtetea fundi. Rinda halitoki vizuri mpaka mtu apimwe, kiuno mbali na nyonga mbali, na anayepima ni fundi aliyekaa barazani na cherehani yake. Ukimshonesha, pesa inabaki mtaani. Suruali ikilegea anaipunguza, ukinenepa anaitanua, kwa sababu ameacha kitambaa ndani ya mshono. Ya dukani ukinenepa unanunua nyingine. Sharti la "isiyo na marinda" linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini linamtoa mteja kwa fundi wa mtaani na kumpeleka kwa muuza robota na muuza duka.

Kwa hivyo mabosi wa Fumba na kwengineko, naomba kitu kimoja tu. Kwenye hiyo karatasi yenu andikeni suruali iwe safi, ipigwe pasi, rangi mnayotaka, basi. Yaliyo chini ya mkanda mwachieni mwenye suruali na fundi wake. Kijana mmemwajiri kwa kichwa chake, na kazi ataifanya vizuri zaidi akiweza kukaa.

Naomba kuwasilisha.