Maneno Yaliyo Kifuani

Juma lililopita nilikuwa sokoni Kinanie, Machakos, nikingojea matatu ya kwenda Athi River. Karibu nami mama mmoja alikuwa ametandaza mitumba, na kijana wa shule ya upili alikuwa akijaribu koti zito la buluu, koti la shule ya ng'ambo. Kifuani palikuwa na nembo, na chini ya nembo maneno matatu: ORA ET LABORA. Kijana akamwuliza mama maana yake.

"Hicho ni Kizungu cha zamani, mwanangu. Wewe vaa, uone joto lake."

Hakuridhika. Akanigeukia mimi, labda kwa sababu ya miwani na gazeti nililolikumbatia.

Jibu nilikuwa nalo, lakini nilitaka alitafute mwenyewe. Alianza na neno la mwisho. Akasema "labora" lafanana na "laboratory", chumba ambamo wao hufanya kazi za sayansi. Basi huenda ni kazi. La kwanza akalilinganisha na "oral", mtihani wa kusema kwa kinywa. La kati lilimshinda, nami nikamtajia wito wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Unitate et Labore, yaani kwa umoja na kwa kazi. Hapo akaunga: "Nena na ufanye kazi."

Wasomaji wangu, kijana huyo hajapata kufundishwa Kilatini hata siku moja, na alikosea neno moja tu. Tena hakukosea sana, maana kitenzi hicho cha Warumi kilitumika kwa kunena na kusihi, na pia kwa kusali, kama vile "kuomba" kwetu kunavyomfaa mwenye njaa na mwenye kupiga magoti. Sali na ufanye kazi: ndio wito unaohusishwa na watawa Wabenedikto, ambao ndugu zao walijenga misheni za Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania, ingawa maneno yenyewe hayamo katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto.

Kilichonihuzunisha kilikuja baadaye. Kijana alinieleza kwamba shule yake nayo ina wito wa Kilatini, umetariziwa kwenye sweta yake. Alipoingia shuleni alimwuliza mwalimu maana yake, akajibiwa kwamba hilo halitahiniwi. Nikamwuliza maneno hayo ni yapi. Hakuyakumbuka. Huyavaa siku tano kwa juma!

Shule ya Mang'u ina Jishinde Ushinde, Starehe ina Natulenge Juu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Hekima ni Uhuru. Huko mwanafunzi hahitaji mkalimani. Anaweza kuanza mara moja na swali lililo gumu zaidi, kwamba hekima yawaje uhuru. Hata hivyo sisemi Kilatini kifumuliwe kwenye sweta. Wasichana wa Kenya High wana Servire Est Regnare, kwamba kutumikia ndiko kutawala, na sioni wazo bora la kumpa msichana atakayeshika madaraka kesho. Ninalolipinga ni kumfungia mtoto neno kifuani na kumnyima ufunguo. Najua walimu wana silabasi ndefu na madarasa yaliyofurika. Lakini jambo hili halidai zaidi ya kipindi kimoja, ubao na chaki, na wanafunzi wenyewe wakiachwa wabahatishe kwa Kiingereza, Kiswahili na Kikamba chao. Wakikosea, wakosee kama alivyokosea yule wa Kinanie.

Koti alilinunua. Mama, aliyekuwa ametega sikio muda wote huo, alipopata maana ya maneno yale alicheka, akamwambia kijana kwamba ikiwa koti lina sala ndani yake, basi aongeze shilingi hamsini.