Curry amezeeka, lakini si yeye aliyeiangusha Warriors

Tangu Golden State Warriors iondolewe na Minnesota tarehe 14 mwezi wa tano 2025, kwa mechi nne kwa moja, wapenzi wa basketi hapa kwetu wanabishana jambo moja. Kundi la kwanza linasema Stephen Curry amezeeka, siku hiyo alikuwa na miaka 37, mwili umechoka na timu inazama pamoja naye. Kundi la pili linasema Curry bado ni yule yule, ila wanaomzunguka hawana nguvu. Na kwa kuwa mmoja wa hao waliomzunguka alikuwa Jonathan Kuminga, mtoto aliyezaliwa Goma, mabishano yanachukua moto haraka. Anayemtetea Curry anaonekana anamkataa ndugu yake.

Mimi naona kundi la pili liko karibu zaidi na ukweli. Lakini linalaumu watu wasiostahili.

Tuanze na mzee mwenyewe. Msimu wa 2024-25 Curry alicheza mechi 70 kati ya 82 na kufunga wastani wa pointi 24.5. Tarehe 27 mwezi wa pili aliwafunga Orlando pointi 56 nyumbani kwao. Tarehe 13 mwezi wa tatu akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya NBA kufikisha mitupo 4,000 ya pointi tatu. Tarehe 1 mwezi wa nne akafunga 52 Memphis. Ukitaka kujua mchezaji mkubwa aliyekwisha anafananaje, mkumbuke Kobe Bryant katika msimu wake wa mwisho, 2015-16, naye akiwa na miaka 37. Alikosa karibu mitupo miwili kati ya kila mitatu, na Lakers wakamaliza na ushindi 17 na kushindwa 65. Tunakumbuka pointi 60 za usiku wake wa mwisho, tunasahau miezi iliyotangulia. Pale, ndiyo, nyota mwenyewe alikuwa sehemu kubwa ya tatizo. Curry hayuko huko.

Halafu kuna Paris. Wengi wetu tuliangalia Michezo ya Olimpiki ya 2024. Katika mechi nne za kwanza Curry hakuonekana sana, na watu walishaanza kusema amekwisha. Nusu fainali akawafunga Serbia pointi 36, na fainali akawafunga Ufaransa 24, zote kwa mitupo minane ya mbali. Ni mtu yule yule aliyekuwa ametoka San Francisco miezi michache kabla, ambako timu yake ilimaliza ya kumi na kutolewa na Sacramento hata kabla ya mchujo kuanza. Miguu haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni nani alisimama pembeni yake: LeBron James, Kevin Durant na wengine ambao mpinzani hawezi kuwaacha peke yao hata sekunde moja.

Hapo ndipo kuna siri ya Warriors, na ndipo kesi ya Kuminga inapoanza. Mchezo wa kocha Steve Kerr umejengwa juu ya Curry anayekimbia bila mpira. Anazunguka, anajificha nyuma ya wenzake, anatokea upande mwingine, na mabeki wawili wanamfuata. Kila mara wawili wakimfuata mmoja, kuna mwenzake aliyebaki huru. Lakini uhuru huo una faida tu kama aliyebaki huru anaweza kutupa kutoka mbali, au anajua kupitisha mpira haraka kabla ukuta haujajipanga. Miaka ya ubingwa, aliyebaki huru alikuwa Klay Thompson. Msimu wa 2024-25 mara nyingi alikuwa Draymond Green, ambaye mpinzani anafurahi akitupa, au Jimmy Butler, ambaye anapenda kuingia ndani. Ukiongeza Kuminga, ulipata watu watatu ambao beki aliweza kuwaachia mita tatu na kurudi kumbana Curry. Msimu huo Kuminga aliingiza mitupo ya mbali 30 na kitu kwa kila mia. Kerr hakumweka benchi kwa chuki, kama ninavyosikia wengine wakisema. Kwa hesabu za kocha anayejua wiki zake zimehesabiwa, hakumwona akiingia vizuri katika picha.

Kuhusu hesabu hizo, nina neno. Siku ya mwisho ya msimu Kuminga hakuingizwa hata dakika moja. Dhidi ya Memphis, katika mechi ya kugombea nafasi ya mchujo, hakuingizwa pia. Dhidi ya Houston aliangalia sehemu kubwa ya mechi saba akiwa ameketi. Kisha tarehe 6 mwezi wa tano, siku mbili tu baada ya mechi ya saba kule Houston, Curry akashika paja lake la nyuma. Alikuwa amefunga pointi 13 katika dakika 13. Warriors walishinda siku hiyo 99 kwa 88, na hawakushinda tena. Katika mechi nne zilizobaki Kuminga alifunga 18, 30, 23 na 26. Tulioamka usiku mkuu kuangalia zile 30 tuliona kijana asiyezuilika akipewa mpira na njia.

Sasa, mechi hizo nne zinathibitisha nini? Kundi la kwanza linasema: mnaona, bila Curry kijana anang'aa. Sawa, lakini timu ilishindwa zote nne. Msimu wa 2019-20, Curry alipocheza mechi tano tu kwa sababu ya mkono uliovunjika, walishinda 15 na kushindwa 50. Mtu ambaye akitoka nyumba inaanguka, huwezi kusema yeye ndiye anayeiangusha.

Lakini kundi la pili nalo lisikimbilie kumwita Kuminga mzigo. Alichaguliwa wa saba mwaka 2021, akiwa na miaka 18, na kuingizwa katika timu ambayo haikuwa na muda wa kumfundisha. Mwaka mmoja kabla, viongozi wa Warriors walikuwa wamemchukua James Wiseman nafasi ya pili, wakamwacha LaMelo Ball aliyechukuliwa wa tatu, na Tyrese Haliburton aliyeshuka mpaka nafasi ya 12. Wiseman aliumia goti, akakosa msimu mzima, na mwanzo wa 2023 akapelekwa Detroit. Wakubwa wa timu walitaka vitu viwili kwa wakati mmoja: kushinda leo na Curry, na kulea vijana watakaoshinda kesho. Ubingwa wa 2022 uliwafanya waamini mpango unawezekana. Mimi naona ubingwa ule uliwadanganya. Baada yake waliwaacha Otto Porter Jr na Gary Payton II waondoke, watu wazima waliojua kazi, ili vijana wapate nafasi. Kisha Draymond akampiga ngumi Jordan Poole mazoezini, na kijana mmoja waliyekuwa wamemlea vizuri akauzwa Washington mwaka uliofuata. Mwaka 2024 Klay akaenda Dallas. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoamuliwa na magoti ya Curry.

Umri una uzito wake, nisiufiche. Msimu wa 2024-25 Curry alikula karibu dola milioni 56, wakati kiwango cha mishahara kwa timu nzima kilikuwa milioni 140 na nusu. Kwa msimu wa 2025-26 yeye, Butler na Green peke yao walipangiwa karibu milioni 140, na wote watatu walikuwa wamepita miaka 35 au wameifikia. Pesa ya kununua watupaji wazuri ilibaki kidogo. Na mwili wa miaka 37 hausamehe: baada ya wiki mbili za kuvutwa na kusukumwa na vijana wa Houston, ule msuli wa paja haukukatika kwa bahati mbaya tu. Lakini angalia kilichotokea alipopewa mwenzake mmoja wa kweli. Kabla ya Butler kufika mwezi wa pili, Warriors walikuwa na ushindi 25 na kushindwa 26. Baada yake walishinda 23 na kushindwa nane. Katika kipindi hicho Curry hakuwa amerudi kuwa kijana.

Kilichotuhusu zaidi hapa Goma, Bukavu na Lubumbashi kilikuwa kiangazi cha 2025. Mkataba wa Kuminga ulikuwa unaisha. Timu nyingine ziliweza kumwekea ofa mezani, lakini Warriors walikuwa na haki ya kulipa kiasi hicho hicho na kumbakiza. Najua wengi walitamani abaki, kwa sababu jezi ile inajulikana na kila mtoto wa kwenye kiwanja. Mimi nilipenda aondoke, aende mahali atakapopewa mpira dakika 34 kila usiku, akosee, arudi kesho yake akosee tena kidogo. Mwezi wa kumi 2025 alitimiza miaka 23. Nao Warriors, kama wangekuwa na akili, wangepata badala yake mtu mrefu anayetupa kutoka mbali, hata kama jina lake halitauza jezi. Mkataba wa Curry unafika mpaka 2027. Kiangazi hicho walikuwa wamebakiza misimu miwili.