Kocha akisimamishwa, waumini wajifunze nini?

Januari 2024, katika Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, Tanzania ilimsimamisha kocha Adel Amrouche baada ya mchezo mmoja tu. CAF ilikuwa imemfungia michezo 8 kwa maneno aliyosema juu ya Morocco. Hemed Suleiman akashika timu. Wakatoka 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Leopards wetu, wakarudi nyumbani.

Vijana wetu waligawanyika. Wengine walisema ulimi umemponza, wengine kwamba ametupwa kwa woga. Lakini wote walijua anashitakiwa nini.

Kwetu kanisani ni vigumu zaidi. Mchungaji anasimamishwa, barua inasomwa Jumapili bila sababu. Uvumi unajaza nafasi, na kufikia Jumapili ya pili kuna makanisa mawili.

Paulo alimwagiza Timotheo asipokee mashitaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu. Tena anayeendelea kutenda dhambi akemewe mbele ya wote. Basi viongozi, tuseme sababu waziwazi. Nasi waumini, tusichague upande kabla ya kusikia.