Pampu Isiyo na Hatia

Juzi, karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, nilishuhudia lori la mchanga likishindwa kuinua bodi. Kijana aliyehitimu chuo cha ufundi aliihukumu pampu ya haidroliki papo hapo. Ikanunuliwa nyingine, ikafungwa, bodi haikusogea. Ndipo fundi mmoja mzee wa jua kali alipofungua tangi na kutuonyesha mafuta yaliyojaa povu. Mpira wa kufyonzea mafuta ulikuwa na ufa. Pampu ilikuwa ikivuta hewa, nayo hewa, tofauti na mafuta, hubanika. Nguvu yote ikapotelea humo. Fedha za mwenye lori zilikwisha kwenda.

Ndugu walimu, kanuni ya Pascal tumeifundisha katika shule za upili miaka nenda miaka rudi. Wanafunzi huikariri, hukokotoa eneo na shinikizo, hupata alama. Ni wangapi wamewahi kushika geji? Hata magari ya kifahari ya mbio yanayoinua pua mbele ya matuta hutegemea kanuni iyo hiyo, lakini jeki ya gari la shule yatosha. Punguzeni mafuta yake, waacheni wanafunzi waione ikishindwa, kisha waulizeni sababu.

Kijana yule simlaumu. Mimi mwenyewe nililifundisha somo hilo miaka kadhaa bila jeki hata moja darasani.